Nyayo za Nicasio Saire

Nyayo za Nicasio Saire zilianza kusikika mwezi wa Machi, naye mwenyewe yu hai, amelala chini ya mablanketi mawili ya sufu ya lama, hawezi hata kufika mlangoni.

Wa kwanza kuzisikia alikuwa shemeji yake, Melitón. Ilikuwa zamu yake ya maji, na alikuwa ameinama kwenye mlango wa mfereji, jua limeshapanda, aliposikia mtu anapita nyuma yake juu ya changarawe. Hatua, hatua, kisha chuma kinagonga jiwe. Hatua, hatua, chuma. Akageuka. Hapakuwa na mtu. Mbwa wake alikuwa ameketi na masikio yamelala, anafuata kwa macho kitu kinachokwenda polepole kuelekea mtoni.

Melitón aliacha jembe pale pale. Akamkuta dada yake, Eduviges, anapepeta mahindi uani.

"Dada, mumeo yukoje leo?"

"Kama jana. Amekunywa uji kidogo."

"Hajatoka?"

"Atoke na miguu ya nani? Umeshalewa na asubuhi hii?"

"Amepita mferejini," akasema Melitón. "Na ile fimbo yake."

Eduviges akaweka ungo chini. Hakuuliza zaidi. Kwetu Colcapuri hakuna asiyejua jambo hilo. Mtu hapumziki mpaka azipitie tena nyayo zote alizoziacha duniani na kuziokota. Anayekufa ghafla huziokota baada ya kufa, na jamaa zake husikia milango ikifunguka. Anayekufa taratibu huanza mapema, mwili ukiwa bado kitandani. Kwa wengi wetu si kazi ndefu: shambani, zizini, kanisani, makaburini, na safari chache za mjini Calama kuuza mahindi. Siku si nyingi mtu amemaliza.

Lakini Nicasio Saire alikuwa ameshika fimbo ya wachora ramani.

Hiyo ilikuwa zamani, kabla Eduviges hajamjua. Watu wa serikali walikuja na nyumbu wa mizigo, mahema na darubini ya miguu mitatu, ili wauchore mto Loa tangu unapotoka milimani mpaka unapomwagika baharini, pamoja na machimbo yote ya shaba na ya shura, ile chumvi ya mbolea, yaliyokuwa pande zote mbili. Mkubwa wao alikuwa mhandisi Belisario Urquieta, mtu wa kusini, mnene, pua yake imebabuka kwa jua tangu siku ya kwanza na haikupona mpaka alipoondoka. Alitaka mtu wa kupanda. Nicasio alikuwa kijana mchunga lama, na kupanda mlima kwake kulikuwa kama kwa mwingine kuvuka ua.

Fimbo ilikuwa na urefu wa watu wawili, imepakwa nyekundu na nyeupe, na mwisho wake ilivalishwa kiatu cha chuma. Nicasio alitangulia nayo. Akifika mahali alipoelekezwa, aliisimamisha wima, akainua kofia yake juu kuonyesha kwamba yuko tayari. Mhandisi, mbali huko ng'ambo ya bonde, aliweka jicho kwenye darubini, akasoma namba za fimbo, akaandika. Akishamaliza alipunga leso nyeupe. Bila leso Nicasio haondoki. Upepo upige, jua liwake, alisimama pale kama mwiba wa mlimani, kwa sababu fimbo ikiondoka kabla ya leso, kazi ya asubuhi nzima imeharibika. Namna hiyo walipita kila korongo kavu, kila genge, kila tundu alilokuwa anachimba maskini mmoja na nyundo yake.

Penye vilele walijenga rundo la mawe liwe alama. Kabla ya kuweka jiwe la kwanza Nicasio alitandika majani matatu ya koka, akamwaga pombe tone kwa tone.

"Unafanya nini hapo, Saire?" mhandisi alimwuliza mara ya kwanza.

"Naomba ruhusa, bwana."

"Ruhusa ninayo mfukoni. Ya serikali, ina mhuri."

"Hiyo ni ya kuja, bwana. Hii ni ya kukanyaga."

Mhandisi alicheka mpaka akakohoa. Lakini tangu siku hiyo alimpa pombe ya chupa yake mwenyewe, akisema, "Mpe na huyu mlima wako funda moja, asije akanivurugia hesabu."

Walipofika Colcapuri walitega darubini chini ya kijiji, kwenye bapa la jiwe kando ya mto, wanapofulia wanawake. Eduviges alikuwa msichana wakati huo. Alikwenda kuwauzia jibini ya mbuzi, na mhandisi, aliyependa mzaha, akamwambia, "Njoo utazame, binti, uone maajabu." Eduviges akaweka jicho. Darubini za wakati ule zilionyesha kila kitu juu chini. Akaona kilima cha Likaur kinaning'inia kutoka angani kama kiwele, na katika ncha yake, miguu juu, kichwa chini, mwanamume mmoja ameshika fimbo na kofia.

"Ataanguka!" akapiga kelele.

"Aangukie wapi?" mhandisi akasema. "Chini yake pana mbingu."

"Basi mpungie leso ashuke, bwana. Unamtesa mtoto wa watu."

Eduviges aliwasimulia wanawe hadithi hiyo mara nyingi, na kila mara alimalizia hivyo hivyo: kwamba yeye mume wake alimwona kwanza miguu juu, na alipokuja kumwona wima alimkuta mfupi kuliko alivyotarajia.

Likaur kilikuwa kilima chetu cha malisho. Mvua ikinyesha, na hainyeshi kila mwaka, majani yalichipua huko kwanza, na watoto wa Colcapuri walipeleka wanyama huko. Hata Melitón alichunga huko. Kutoka kileleni mto ulionekana pande zote mbili, kwa hiyo Nicasio alisimama pale kutwa nzima, na rundo la mawe alilojenga pale lilikuwa kubwa kuliko yote.

Ramani ilipochapwa, mhandisi alimtumia karatasi moja katika bomba la bati. Nicasio aliitazama mara moja, akairudisha ndani, akaining'iniza juu ya kitanda. Muda si mrefu wakaja watu wa kampuni ya shaba, wamebeba kwapani karatasi kama ile ile. Hawakuuliza njia. Walikwenda Likaur moja kwa moja kama mtu anayekwenda kwa wakwe zake.

Kwanza walikata kichwa cha kilima, kisha mabega. Walipofika kwenye miguu hawakusimama, waliendelea chini. Chemchemi iliyokuwa upande wa mashariki ikawekewa bomba. Walimwita Nicasio awafanyie kazi, maana alijua kila jiwe, akakataa, akarudi kwenye mahindi yake. Wapo waliosema ndiye aliyewaonyesha. Hakuwajibu. Ila kila mwaka, tukimaliza kusafisha mifereji na kuinua vikombe tuite milima kwa majina ituletee maji, zamu yake ikifika aliita Likaur. Aliita kikiwa kimebaki nusu, akaendelea kuita kikiwa hakipo. Watu waliinamisha macho. Palikuwa na kimya kabla ya mwingine kuuita mlima unaofuata, kama vile mtu ametaja maiti mezani.

Sasa alikuwa mzee, pumzi imemwishia, na nyayo zake zilikuwa zinatembea.

Mwanzoni habari zilikuja za karibu: zizini, njia ya kanisani. Kisha madereva wa malori ya majani makavu wakaanza kuleta za mbali. Huko Quillagua, chini kabisa jangwani, mbwa wote walisimama kando ya daraja mchana kweupe, na watu wakasikia chuma kinagonga mbao. Kwenye machimbo ya shura yaliyohamwa, mlinzi aliyebaki peke yake alifunga virago akaondoka. Kila asubuhi Eduviges alipofunua blanketi aliikuta miguu ya mume wake ina vumbi, naye hajashuka kitandani. Aliiosha kwa maji ya uvuguvugu. Siku nyingine vumbi lilikuwa jeupe, siku nyingine jekundu, siku nyingine chumvi tupu iliyokauka kati ya vidole.

"Jana ulikuwa wapi?" alimwuliza.

"Korongo la Majogoo."

"Umemaliza huko?"

"Nimemaliza."

"Bado mbali?"

"Napanda. Nimeshapita njia panda ya reli."

Binti yao, Rosenda, alikuja kutoka Calama kumsaidia mama yake. Aliona jinsi baba yake alivyokuwa anavuta pumzi, kama mtu anayeburuta gunia kwenye mawe, akamwambia mama yake pembeni, "Afadhali amalize upesi." Eduviges hakumkemea. Yeye mwenyewe hicho ndicho alichokuwa anaomba.

Mwezi wa Mei nyayo zilifika kwetu tena, zikitoka mtoni kuelekea Likaur. Tukasema, hapa ndipo mwisho. Eduviges alitayarisha shati safi.

Kesho yake nyayo zikapita tena mferejini, kuelekea kule kule. Na keshokutwa. Na siku iliyofuata. Zilikwenda, zikarudi, zikakaa kidogo, zikaenda tena. Mimi ndiye niliyekuwa naandika zamu za maji, na watu walianza kunijia wakiomba niwabadilishie, maana hapana aliyetaka kuwa mferejini zinapopita. Lama waligoma kuvuka njia. Mke wa jirani alimwaga maziwa jikoni kwa sababu chuma kiligonga kizingiti chake.

Melitón akaenda kwa dada yake.

"Dada, sisemi vibaya. Lakini mumeo anazunguka kama nyumbu wa kinu."

"Kwani mimi ndiye ninayemzungusha?"

"Mwulize amekwama wapi."

"Nimeshamwuliza."

"Anasemaje?"

"Anasema amefika chini ya Likaur, na hapana pa kukanyaga."

Hapo ndipo tulipoelewa. Nyayo zake za kutwa nzima, labda nyingi kuliko za mahali pengine popote, zilikuwa juu ya kilima ambacho hakipo. Asingeweza kuziokota, na asipoziokota asingepumzika, si kitandani wala kaburini. Angebaki njiani kati ya mto na shimo, hatua, hatua, chuma, na Eduviges angebaki anaosha miguu mpaka naye afe.

"Basi twende," akasema Eduviges, "tukaone kimepelekwa wapi."

Walipanda lori la majani yeye, Rosenda na Melitón. Rosenda alichukua lile bomba la bati, ili wapate kuwaonyesha watu wa mgodi ni kilima kipi. Kwenye lango walikutana na mlinzi, kijana mwenye kofia ya bati na masharubu ambayo yalikuwa bado hayajaamua.

"Mnamtafuta nani?"

"Kilima," akasema Eduviges.

"Kilima gani, mama?"

"Likaur. Kilikuwa hapa."

Mlinzi akamtazama Melitón, kama anayeuliza huyu mama yuko sawa. Rosenda akaifungua ramani juu ya kibao cha lango, akaonyesha kwa kidole.

"Hapa ndipo tuliposimama sisi. Na hiki ndicho kilima."

"Karatasi hii ni ya uongo, dada. Inasema mlima, mimi naona shimo."

"Si ya uongo. Ni ya zamani."

"Basi mmechelewa. Kilima chenu kilishapanda meli. Saa hizi ni nyaya za umeme ng'ambo huko, watu wanawashia taa."

"Chote?" Eduviges akauliza, kisha akamweleza habari za mumewe anayekufa kule Colcapuri.

Mzaha ukamtoka yule kijana. Akasema mawe yasiyo na shaba yalimwagwa kule magharibi, lile tuta refu, na ya zamani ndiyo ya chini. Kisha, ingawa hakuwa na ruhusa, akawapeleka mpaka ukingoni.

Rosenda ndiye aliyenisimulia walichokiona. Shimo lilikuwa limechongwa ngazi ngazi, pete ndani ya pete, kila moja ndogo kuliko iliyo juu yake, mpaka chini ambako malori yalionekana kama sisimizi. Akaitazama ramani mkononi. Ile mistari ya mwinuko iliyokizunguka kilima ilikuwa vile vile, pete ndani ya pete. Tofauti ni kwamba ya karatasi ilipanda, na hii ilishuka. Mama yake alitazama muda mrefu, upepo unampeperusha sketi.

"Kimepinduliwa," akasema. "Kama kwenye darubini."

Waliokota mawe chini ya tuta la zamani, wakajaza mfuko, wakarudi. Eduviges aliyapanga sakafuni mbele ya kitanda. Walimkalisha Nicasio, wakaishusha miguu yake juu ya mawe. Alifumba macho. Vidole vyake vya miguu vilitambaa juu yake kama vya kipofu.

"Ni yenyewe," akasema. "Hili jekundu nalijua."

"Haya, panda, mume wangu."

Alijaribu. Misuli ya mashavu ya miguu ilivutika. Kisha akatikisa kichwa.

"Ni yenyewe, lakini hayana juu wala chini. Yamechanganywa. Nikanyage lipi kwanza?"

Siku ile nyayo zilipita mferejini mara nyingi kuliko siku zote.

Ramani ilikuwa imebaki wazi juu ya benchi, hakuna aliyekumbuka kuirudisha bombani. Asubuhi iliyofuata Eduviges alipokuwa anamwosha, Nicasio alikuwa anaitazama. Akanyoosha mkono.

"Niwekee chini."

"Hii? Utaichana."

"Niwekee, mke wangu. Humo bado kipo."

Rosenda akaitandaza sakafuni, akaondoa mawe yote ili ikae sawa. Tuliokuwepo tulikuwa watu wanne: mke, binti, Melitón, na mimi niliyekuja na habari za zamu. Wakamkalisha tena. Mguu wake mmoja ulikifunika kilima chote.

"Ni kidogo mno," Melitón akanong'ona.

"Kwa kisigino tu," akasema Nicasio. "Anzeni mtoni. Rosenda, nisomee. Nikijua niko wapi nitapanda."

Eduviges akapiga magoti, akakishika kifundo cha mguu wake, akakiweka kisigino juu ya mto. Rosenda akasoma namba za mistari, moja baada ya nyingine, kama alivyofundishwa shuleni.

"Elfu mbili mia nne. Mia nne ishirini. Mia nne arubaini."

"Polepole," baba yake akasema. "Hapo pana mchanga."

"Mia nne sitini, baba."

"Hapo ndipo lama mweupe alipovunjika mguu. Ndiyo. Endelea."

Kila mstari Eduviges alikisogeza kisigino kadiri ya upana wa punje ya mahindi. Jasho lilimtoka Nicasio, likamtoka na mkewe. Njiani alisimama kupumzika, na sisi sote tukapumzika naye. Alisema upepo umegeuka. Alisema anauona mto pande zote mbili. Jua lilikuwa limefika katikati ya mlango Rosenda aliposoma namba ya mwisho, ile iliyoandikwa kando ya kitone cha kileleni.

Nicasio akanyooka. Akainua mkono wa kulia, akaishika kofia ambayo haikuwepo, akainyanyua juu ya kichwa. Akabaki hivyo, anatazama mbele, macho makali kama ya kijana, anangoja. Kisha mkono ukashuka wenyewe. Eduviges alikuwa bado amekishika kisigino chake alipojua kwamba hakina mtu.

Tulimzika kesho yake. Mferejini hapakupita kitu. Watu walirudia zamu zao, na Eduviges alilala mchana kutwa, usingizi wa mtu aliyetoka safari ndefu. Tukadhani imekwisha.

Siku ya sita akaja yule mlinzi wa mgodini, kwa miguu, amevua kofia ya bati ameishika tumboni. Alikataa kuketi.

"Mama, samahani. Yule mzee wenu amefariki?"

"Amefariki. Umejuaje?"

"Kama siku sita zilizopita, mchana, mashine zimezimwa, watu wako chini shimoni wanakula. Wakasikia mtu anatembea." Akaonyesha juu kwa kidole. "Si pembeni, mama. Juu. Juu ya vichwa vyao, hewani, juu kuliko ukingo. Anapanda. Hatua, hatua, na kitu cha chuma. Walitazama, hakuna kitu, anga tupu. Kisha akasimama."

"Akashuka?"

"Ndilo nililolijia. Hajashuka. Kila mchana tukizima mashine tunasikia chuma kinagonga mahali pamoja, juu kule, kama mtu aliyechoka kusimama anabadilisha mguu. Wenzangu wanakataa kuingia zamu. Mwambieni ashuke, mama. Tafadhali."

Eduviges akaweka mkono mdomoni. Rosenda alidhani analia, kumbe alikuwa ameona kosa letu.

"Hatukumpungia leso," akasema.

Ni kweli. Tulimsomea kupanda, na alipofika tulikuwa tunamtazama usoni, hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka. Na Nicasio Saire, ambaye hakuwahi kuondoka kabla ya leso kwa mhandisi mwenye pua iliyobabuka, asingeondoka kabla ya leso sasa. Alikuwa amesimama pale, miguu juu ya mbingu tupu, anangoja ruhusa yetu.

Siku ya nane ni siku ya kufua nguo za marehemu. Majirani walizileta mtoni: mashati, suruali ya kanisani, mablanketi, na makubazi yake ya ngozi. Eduviges alichagua mahali mwenyewe, juu ya bapa la jiwe kando ya maji, pale pale palipokuwa na miguu mitatu ya darubini. Kutoka hapo Likaur kilikuwa kinaonekana chote. Sasa kuna anga, na chini yake vumbi la mgodi.

Jua lilipofika katikati alitoa leso nyeupe kifuani. Akasimama, akainua mkono, akapunga, si haraka, kushoto na kulia, kama alivyomwona mhandisi akifanya.

"Haya, mume wangu," akasema kwa sauti ya kawaida. "Imetosha. Imesomwa."

Rosenda alikuwa ameitandaza ramani juu ya jiwe na kuweka makubazi ya baba yake kileleni. Akasoma kurudi nyuma, namba baada ya namba, akiyasogeza makubazi kuelekea mtoni. Safari hii hakuna aliyesema polepole. Alisoma mpaka mstari wa maji, akanyamaza.

Tulisikiliza. Mto Loa ni mdogo siku hizi, hauna kelele. Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha mbwa wa Melitón akaketi, masikio yakalala, akaanza kufuata kwa macho kitu kinachokuja kutoka upande wa njia. Hatua, hatua, chuma. Kilipita kati yetu na maji. Mwanamke aliyekuwa na sabuni mkononi aliniambia alihisi upepo wa joto magotini. Kikasimama kwenye bapa, karibu na Eduviges, na tukasikia kitu kirefu kinalazwa juu ya mawe, taratibu, kama anavyolaza fimbo mtu aliyemaliza kazi na hataki irudishwe imepindika.

Mbwa akageuza kichwa, akaanza kujikuna.

Desturi ni kuchoma baada ya kufua. Shati la kazini lilichomwa, na makubazi, na kofia. Eduviges akaichukua ramani, akaikunja, akaisogeza motoni. Melitón akamshika mkono.

"Hiyo hapana, dada."

"Ni kitu chake. Kitamrudisha."

"Yeye ameshashuka. Mimi je?" Macho yake yalikuwa kwenye karatasi, hakumtazama dada yake. "Nilichunga lama pale miaka yangu yote ya utoto. Na jirani yetu Hilaria pia, na wale ndugu wawili wa ng'ambo ya mto. Ukiichoma, sisi tutapandia wapi?"

Moto ulikuwa unalia. Eduviges akaitazama karatasi, akaitazama anga iliyokuwa Likaur, akaurudisha mkono.

"Mkinisomea mimi," akasema Melitón, "mnisomee na kushuka. Na huyu Rosenda asome kwa sauti, anameza namba."

Ramani iko kanisani sasa, katika bomba lake, nyuma ya mlango. Hilaria ndiye aliyeitumia kwanza, kisha mmoja wa wale ndugu wawili, kisha Melitón mwenyewe, ambaye alipanda akigombana na kila mstari. Leso hatujasahau tena. Lakini juzi nilipoifungua kwa ajili ya mgonjwa mwingine niliona kwamba mahali pa Likaur karatasi imelika kwa visigino. Mistari ya juu imefutika. Kitone cha kilele kimekuwa tundu dogo, na ukiinua karatasi mbele ya dirisha unaona mwanga upande wa pili.

Rosenda anasoma sehemu ile bila kutazama.